Nywele Nyekundu Ndani ya Kiota

Nilipokuwa darasa la nne pale Sindeni sikuwa na nywele. Hakuna msichana wa shule yetu aliyekuwa nazo. Mwalimu wa zamu alipitisha kiganja juu ya kila kichwa Jumatatu asubuhi, na ole wako kama kiganja kingekwaruzwa na kitu. Kwa hiyo nywele nilizojivunia utotoni hazikuwa zangu. Zilikuwa za shangazi Mwajabu.

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba, fundi cherehani, na kichwa chake hakikuwahi kuwekwa dawa. Akifumua nywele zake zilisimama na kujaa mlango mzima. Bibi, mama yake, ndiye aliyezitunza. Wazazi wangu walikuwa Korogwe mjini wakihangaika na biashara ya vitunguu, nami nikaachwa na wanawake hao wawili. Kila Alhamisi jioni niliketi mkekani nimeshika kikombe cha mafuta ya nyonyo, nikimtazama Bibi akifanya kazi. Alizilowesha kwanza kwa maji. Alizigawa mafungu, akachana kuanzia nchani na kupanda polepole kuelekea kwenye ngozi. Shangazi akilalamika kwamba jua linazama, Bibi alikuwa akipunguza mwendo makusudi.

Baada ya kusuka ilikuja kazi ambayo Bibi aliiona kubwa kuliko kusuka. Aliokota kila unywele uliobaki kwenye chanuo na mkekani, akaziviringa kati ya viganja mpaka zikawa donge dogo, kisha akalichomeka kwenye ufa wa ukuta wa udongo, juu karibu na paa. Zake mwenyewe alizichomeka hapohapo. Mvi zake alizipaka hina, zikawa nyekundu.

"Ndege akizipata nywele zako akajengea kiota," aliniambia, "kichwa kitakuuma. Kitauma mpaka kiota kitolewe mtini."

"Ndege gani, Bibi?"

"Yeyote."

Niliamini. Hata nilipokwenda kunyolewa nilikuwa nasimama kando nikihakikisha mabaki yangu yamefagiwa na kuchomwa, na kinyozi akanipachika jina la askari.

Shangazi hakuamini. Siku moja aliosha nywele akazichana mwenyewe uani, upepo ukapita na zile zilizong'oka. Bibi alimkemea kwa Kizigua, lugha aliyoiweka akiba kwa ajili ya hasira.

"Mama, ndege wana nyasi, wana manyoya ya kuku," Shangazi alisema. "Nywele zangu watazifanyia nini?"

Basi ikawa ugomvi. Hao wawili walifanana kwa ubishi, na Alhamisi zetu zikafa. Shangazi akawa anachana peke yake nje, na nadhani alizipeperusha nyingine makusudi ili mama yake aone.

Kichwa kilianza kumuuma wakati wa kupalilia mahindi. Aliamka nacho asubuhi, akafunga kanga kwa nguvu kuzunguka paji la uso, akanywa vidonge vya dukani, akakaa kwenye cherehani. Bibi alimtazama, kisha akatazama juu mitini.

Kisha Shangazi akaanza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Nilifurahi mno. Nilidhani nimeshakuwa mkubwa, naaminiwa kazi ya ufundi.

Jioni moja alimwambia Bibi, "Mama, nataka niende Korogwe nikapimwe."

"Utakwenda," Bibi alisema. "Kwanza kiota. Ukienda hospitali na kiota kiko mtini, watakupasua bure."

Nimekuwa mtu mzima nikiyarudia maneno hayo. Yanaponiudhi najikumbusha kwamba yalisemwa na mama aliyeogopa kisu. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Alitaka mwanawe abaki mzima, na kwa akili yake dawa ilikuwa mahali fulani kwenye matawi ya kijiji chetu.

Kazi ya kukitafuta nilipewa mimi. Nilitafuta kila nilipotoka shule, na hatimaye nikakipata ndani ya mchongoma nyuma ya banda la mbuzi. Nilijipenyeza mpaka miiba ikanichana shingo na mikono. Kilikuwa kiota kikavu, hakina yai wala kinda. Nyasi, manyoya, uzi wa cherehani, na katikati donge la nywele za mtu. Nililia kwa furaha pale pale ndani ya miiba.

Bibi alikuwa ameanza kuingiwa na ukungu machoni. Alikipokea kiota akaingiza vidole, akaligusa donge, akalibonyeza.

"Ndizo," alisema, na machozi yakamtoka.

Shangazi akamnyang'anya taratibu. Akasogea mlangoni penye mwanga, akakileta kiota karibu kabisa na uso wake. Alikitazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi na shingo yangu iliyochanika, akamtazama mama yake.

"Ndizo, Mama," alisema.

Bibi alilitoa lile donge, akaliosha kwa maji, akalizika penye migomba huku akiomba dua. Kuku akachinjwa, na firigisi, ambayo kwetu msichana haigusi, niliwekewa mimi kwenye sahani. Sijawahi kupewa heshima ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu.

Asubuhi iliyofuata Bibi aliuliza, "Kichwa je?"

"Kimepoa, Mama."

Na kila asubuhi ikawa hivyo. Kimepoa. Bibi alitoa tena mkeka, Alhamisi zetu zikarudi, kikombe cha mafuta kikarudi mikononi mwangu. Habari za Korogwe hazikutajwa tena. Zilikuwa wiki nzuri sana, na ndiyo maana zinaniuma. Hakuna siku za utoto wangu ninazozikumbuka kwa raha kama zile, nami sasa najua raha ile ililipiwa na nini.

Kwa sababu nyuzi niliendelea kutunga. Shangazi alijishona kidole, akasema ni haraka zake. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango aliozaliwa akiuona. Siku aliyoweka birika pembeni ya meza, chai ikamwagika sakafuni naye bado anatabasamu kuelekea mahali alipodhani nimekaa, nilikimbilia kwa jirani mwenye simu, na baba akaja.

Hospitali ya kwanza ilimpeleka kubwa zaidi. Ulikuwa uvimbe ndani ya kichwa, umebana mishipa ya macho. Walimpasua akapona, hakufa, na tunamshukuru Mungu. Macho hayakurudi. Baba aliporudi Sindeni alikaa kwenye kigoda bila hata kuamkia.

"Wanasema angepelekwa mapema macho yangeokolewa," alisema.

Bibi akamkodolea macho. "Mapema vipi? Si kichwa kilikuwa kimepoa?"

Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake Bibi aliamini kwamba kulikuwa na kiota cha pili. Nikija likizo kutoka Korogwe, nilikohamia kwa wazazi wangu, alikuwa ananishika mkono na kunong'ona, "Hebu pita tena kule nyuma, Rehema." Nilipita. Sikuwa na ujasiri wa kumkatalia.

Leo naishi Mnyuzi, karibu na reli, na shangazi Mwajabu anaishi nami. Hakukata nywele zake. Zimepungua ila bado ni nyingi, na Alhamisi ninamkalisha kwenye mkeka, nalowesha, nagawa, naanzia nchani. Mafuta ni yale yale ya nyonyo, ila sasa nayanunua sokoni.

Mwaka jana nilikuwa nimefika nusu ya kichwa aliposema, "Unakikumbuka kile kiota?"

"Nakikumbuka, Shangazi."

"Zile nywele zilikuwa nyekundu."

Chanuo likasimama mkononi mwangu. Ni kweli. Nilikuwa nimeuona wekundu ule kwa macho yangu nikadhani ni vumbi letu la Sindeni, maana kule kila kitu kinageuka rangi hiyo.

"Zilikuwa za Mama," aliendelea. "Hina yake. Ndege alizichomoa ukutani, kwenye ule ufa wake. Mwanga ulinitosha kuona hilo."

"Na Bibi hakuwahi kuumwa kichwa."

"Hata siku moja."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, angeanza kukiogopa kichwa chake mwenyewe mpaka afe. Na tulikuwa tumegombana. Nawe ulikuwa umechanwa na miiba, unacheka. Nikaona acha tu, kitapoa chenyewe."

Nilikasirika. Nilikasirika hata nikashindwa kuendelea kuchana, nikainuka kwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Hasira hazikuwa na pa kwenda. Bibi alimpenda mwanawe akamzuia. Shangazi alimpenda mama yake akanyamaza. Neno moja la kweli mlangoni pale, "Mama, hizi ni zako," lingeivunja imani ya ndege, na kesho yake angekuwa njiani kwenda Korogwe na macho yake. Siku hizi simwogopi ndege. Ninachokiogopa ni wema wa nyumba yetu, wa kumwambia mtu kimepoa wakati kinauma.

Nilirudi nikamaliza kusuka.

"Umeziokota?" aliuliza, kama anavyouliza kila Alhamisi, kwa ajili ya mama yake.

Nyumba yangu ni ya tofali, haina ufa, na huwa nazichoma jikoni. Siku ile niliziviringa, nikamwekea donge kiganjani. Akalibonyeza kwa vidole, vilevile alivyofanya Bibi.

"Bado nyeusi?" aliuliza.

"Ndiyo" ilinijia mdomoni yenyewe, tamu na rahisi. Niliimeza.

"Hapana, Shangazi," nikamwambia. "Nyeupe. Karibu zote."

Aliendelea kulibonyeza lile donge. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Basi Alhamisi ijayo nipake hina."