Kuku Tatu za Kutibisha Waseme

Miye njo nilikosa, si mwingine. Jina langu ninalificha kwa haya, munisamehe. Lakini majina ya wenye nilikosea ninayashika yote, hata ya imbwa. Iliitwa Waseme.

Nilitoka Masisi, nikaolewa Walikale, upande wa Buleusa, miaka kidogo mbele ya uhuru. Kwetu ngombe njo ilikuwa mali. Imbwa tulifukuza na kijiti. Kule nikakuta imbwa inavaa kengele ya muti mu shingo, inaingia pori mbele ya mwenyewe kama mukubwa!

Muzee jirani yetu, Papa Bauma, alikuwa anachechemea. Waseme njo ilikuwa miguu yake. Ikikamata nyama, kila nyumba inapata kipande. Na miye nilikula, tena nikalamba vidole!

Siku moja nguruwe ya pori ikapasua Waseme tumbo. Munganga wa nyama, mwenye kutunza ngombe za muzungu ku shamba lake kubwa la plantasio, alikuwa mwendo wa nusu siku. Akatuma neno: "Nitaishona. Mulete kuku tatu."

Papa Bauma hakukuwa na hata moja. Lakini desturi ya pale, wenye walikula nyama yenye imbwa ilikamata njo wanalipa dawa yake. Mama Riziki akatoa kuku, Mama Machozi akatoa, muzee Kalinda akatoa. Wakaziweka kwangu, sababu nilikuwa mukubwa wa wamama wa shapeli, kanisa letu dogo.

Mangaribi ile katekista akafika bila kutangaza. Kuku yangu ilikuwa inalalia mayai, nikaihurumia. Ee Mungu, kiburi! Nikachinja moja ya Waseme. Nikajiambia, "Ni imbwa tu, itapona na mbili."

Katekista akakula, akanisifu: "Mama, weye unajua kupokea wageni!" Nikacheka meno yote inje.

Asubui Papa Bauma akafika, amebeba Waseme mu mugongo kama mutoto, imefungwa na kikwembe cha bibi yake.

"Mama, zile kuku?"

"Papa, kicheche ilikula moja."

Akanusa. "Kicheche ya kwenu Masisi inajua kupika, mama. Pilipili yake inanukia mpaka ku barabara."

Na pale bado ningeweza kutoa ile yangu! Ilikuwa mbele ya macho yetu, juu ya mayai. Lakini kuitoa ni kukubali kama nilidanganya. Nikamupa zile mbili zenye zilibakia.

Akazunguka kijiji kutafuta ya tatu, jua likapanda. Alipoipata, alishika njia. Waseme ikamukufia mu mugongo, hata mutoni hawajavuka.

Aliporudi, zile kuku tatu zenye alibeba alizirudishia wenyewe. Miye akanipa kengele. "Wengine wamepata yao. Weye, chukua hii." Hakunitukana. Afazali angenitukana!

Hakuingia pori tena. Alikaa ku mulango wake, ananyoosha muguu ule mubaya, mpaka akakufa. Na miye watoto wakaniita Mama Kicheche. Jina lile limenifuata mpaka ku uzee. Wajukuu wananiuliza lilitoka wapi, ninasema sikumbuke. Miye, mwenye kukumbuka yote!

Mayai yale yalitoa vifaranga saba. Sikukula hata moja.

Wamama wenzangu, mukiwekewa kitu cha mugonjwa, musikiguse. Na musiulize mugonjwa iko na miguu ngapi.