Kidani cha Sonara wa Pangani

"Mkishakiyeyusha, wewe utatazama nini?" Bibi aliniuliza hivyo dukani kwa sonara, Ngamiani, moto umeshakolea, kidani chake kiko kwenye mizani.

Mwanangu, nimechoka, lakini hili nitakusimulia. Ilikuwa miaka ya hamsini, nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Kampala, kila kitu nakihoji. Mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa, na kwetu bibi harusi hakupelekwa kwa mumewe na dhahabu kuukuu. Ya zamani iliyeyushwa, ikafanywa mpya. Bibi alimpa kidani chake, kazi ya sonara wa Pangani aliyekufa kabla mama hajazaliwa. Bangili zitakazotokana nacho nilizichora mimi, mistari mitupu, nikajiona fundi.

"Huyo marehemu hana la kunifundisha," nilimjibu Bibi. "Zama zake zimepita."

Zuhura akacheka. "Na michoro yako iliyolala kama kamba ya kuanikia nguo? Umeulizwa, msomi. Jibu!"

Nilikiondoa kidani kwenye mizani. Tangu utotoni nilikiona shingoni mwa Bibi, sikuwahi kukitazama. Nyuzi za dhahabu zilipishana juu na chini, nyembamba kama unywele, na upande wa ndani, unaoonwa na ngozi tu, ulikuwa umesuguliwa laini sawa na wa nje. Nikampa Zuhura naye akitazame.

"Mjomba, hiki kiache," Zuhura akamwambia sonara. "Yeyusha bangili zangu za utotoni. Dada atachora upya."

"Wakwe watakusema," Bibi akaonya.

"Watasema, watachoka."

Walisema, wala hawakuchoka upesi. Bangili zilitoka mbili, nyembamba, zenye msuko nilioupata kwenye kidani, na mawifi wakazicheka mbele yake. Zuhura alizivaa mpaka uzeeni.

Nilikuja kuwa mchoraji wa vito, na siku hizi vijana mnaniletea picha, mnataka nakala kesho. Imenichosha kazi hiyo. Mwanangu, kaa na kazi ya aliyekutangulia mpaka ujue kwa nini aliifanya vile. Ulichokielewa kichukue, ukifanye chako, na pale ulipochota paache pazima, wengine nao wachote. Mola akupe macho yenye subira na mikono isiyo na pupa.

Na yule sonara wa Pangani, mjukuu wake alinieleza mimi nikiwa na mvi tayari: ule msuko hakuubuni yeye. Aliutoa kwenye mikeka ya ukindu aliyokuwa akisuka mkewe.