Mshono Ulioachwa Kwenye Diski

Mtaani walimwita Bi Kipimo, na hakuwahi kuchukia. Mafundi wengine hukupima mara moja wakakata. Yeye hupima, akakutazama kama anayekutilia shaka, halafu akapima tena. Na kila mshono aliuachia vidole viwili vya kitambaa kwa ndani. "Watu hunenepa," alisema. Wateja waliocheka ndio hao hao waliorudi baadaye, macho chini, kuomba kuongezewa kiuno.

Mwaka huu mikono ilianza kumtetemeka. Kwenye cherehani haikuwa neno, maana meza huishikilia. Penseli ndiyo iliyomwumbua: akichora pateni, yale makaratasi ya kukatia nguo, mzingo wa kwapa ulitoka na mawimbi. Hakumwambia mtu. Binti yake wa pekee alipokuja kusema kwamba harusi imekaribia na gauni atalishona mama, Bi Kipimo alijitia kuzidiwa na kazi, akamwambia akanunue la dukani. Binti alijibu, "Sawa, mama," akaondoka chai yake ikiwa bado imejaa kikombe. 

Ndipo mteja mmoja alipomtajia programu ya bure ya kuchora pateni: wewe unaandika vipimo, mistari inajichora. Bi Kipimo akamwendea shemeji yake, fundi wa friji, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo alikuwa na laptopu ya michezo aliyoiacha kijana wake baada ya kupata nyingine. Mfumo wake wa zamani ulikuwa umeharibika, lakini mashine yenyewe ilikuwa nzima. Akamletea pamoja na flashi yenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Laptopu ilikuwa nzito kama tofali, na kibodi yake iliwaka nyekundu, kijani, zambarau.

"Shemeji, hii ni laptopu au disko?"

"Cheza kwanza, utajua. Nikuwekee mfumo?"

"Niachie mwenyewe. Cherehani zangu hutengenezwa na nani?"

Ukweli ni kwamba hakutaka aione mikono yake.

Siku moja, alipokwisha kufunga duka lake, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akachomeka flashi, akawasha. Feni zikavuma, halafu kioo kikawa cheusi tii. Akapiga simu.

"Hiyo ina kadi mbili za kuonyesha picha kwenye kioo, zinagombana kama mawifi," shemeji alimwambia. "Zima, washa tena, uchague kwenye orodha ule mstari wa picha salama."

Kweli, ikafunguka. Mfumo ukamuuliza: ufute diski yote, au ugawe mwenyewe? Mwulize fundi wa nguo swali hilo uone. Bi Kipimo akaitazama ile diski kama jora jipya. Mfumo akaukatia kipande cha kuubana vizuri, kando yake akaacha nafasi tupu, ndipo akatenga kipande kikubwa cha kazi zake, na mwishoni akaacha tupu nyingine. Alipomweleza shemeji kwenye simu, mtu mzima yule alicheka mpaka akapaliwa.

"Umeiachia diski mshono! Kwani diski hunenepa?"

"Cheka tu," akasema, akakata simu.

Mfumo ulikaa, na moyo wake ukatulia nao. Akaweka programu ya kuzipatanisha zile kadi mbili, akaongeza masasisho yote aliyoombwa. Ikabaki ile ya pateni, aliyoihangaikia tangu mwanzo. Ikafika katikati, ikagoma: nafasi imekwisha. Diski kubwa namna ile, na chumba cha mfumo kimejaa pomoni! Alikaa akiitazama, akamwona mawazoni binti yake amevaa gauni lililoshonwa na mtu asiyemjua. Iliuma. Akampigia shemeji tena, safari hii bila majivuno.

Shemeji alikuja na mafuta ya friji bado mikononi. Akainama, akatazama, kicheko hakikutoka.

"Hii nafasi tupu iko ubavuni kabisa mwa mfumo?"

"Ndiyo. Ni mshono."

"Basi tuufumue. Kumbe hii nayo hunenepa!"

Wakawasha kwa flashi ili mfumo usiwe kazini, kwa kuwa nguo haipanuliwi ikiwa imevaliwa, na hilo Bi Kipimo hakuhitaji kuelezwa. "Shika ukingo huo, uburute mpaka hapa," alisema shemeji. Akashika kipanya. Mshale ukacheza huku na huku, ukapita, ukarudi, ukapita tena. Shemeji akautazama mshale, akautazama mkono.

"Tangu lini, shemeji?"

"Tangu mwaka uanze."

"Na bibi harusi anajua?"

"Hajui. Anadhani sitaki."

Shemeji hakumpokonya kipanya. Alisogeza kiti tu, akaketi. "Acha kuburuta. Andika namba kwenye kisanduku hicho."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akifuta alipokosea. Ukingo ukahamia mahali pake, umenyooka.

Programu ya pateni ikaingia bila kinyongo. Bi Kipimo akaingiza vipimo vya binti yake, alivyovijua kichwani, bega, kifua, kiuno. Mzingo wa kwapa ukajichora laini, bila wimbi hata moja. Akalia, na shemeji akajifanya anakagua feni.

Kisha akachukua simu. "Mwanangu, usinunue gauni. Nitakushonea mimi."

"Mama, si ulisema umezidiwa na kazi?"

"Nilikudanganya. Mikono inanitetemeka, nikaona haya kukwambia. Lakini nimepata njia. Njoo nikupime."

Binti akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kulia. "Mama, vipimo vyangu si unavijua?"

"Navijua," akasema Bi Kipimo. "Njoo nikupime tena."