Bega Lisilouma

Mama wa Mbagala alipoletwa kwetu, kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wote wa kulia. Alikuwa mkaanga vitumbua, na alitaka kitu kimoja tu: mkono urudi, ashike upawa wake. Nilimkabidhi kwa mwanafunzi wangu wa fiziotherapia, binti aliyekuja hospitalini kwetu Temeke kwa mafunzo ya vitendo.

Kanuni yangu nilimpa siku ya kwanza, nami sipendi kurudia maneno: mkono uliolegea hauvutwi. Ukimwinua mgonjwa, mshike kiunoni. Ukimvuta mkono, bega linashuka kwenye maungio, na kulirudisha ni kazi nyingine kabisa.

"Sawa, madam," akasema.

Nilimpenda, sioni aibu kusema. Alikuwa mwepesi, msafi, mcheshi, na mama alimwita mwanangu na kumletea vitumbua vilivyokaangwa na dada yake. Kila nikipita nikiuliza, "Bega vipi, mama?" jibu lilikuwa lilelile: "Haliumi, dokta." Nikawa nawatambia wenzangu kuwa nimepata mrithi.

Siku ya mtihani binti alimtoa mama kitandani hadi kwenye kiti bila kosa. Mikono kiunoni, magoti yamekunjwa, sauti ya upole. Kichwani nilikuwa nimeshampa alama zake zote. Nikanyoosha mkono nilipime bega, basi tu kukamilisha utaratibu.

"Haliumi," mama akasema.

Sikuwa nimemgusa bado.

Nikaligusa. Hakupiga kelele. Vidole vya mguu wake wa kushoto, ule mzima, vilijikunja, machozi yakamtoka, na bado anasema haliumi, haliumi. Bega lilikuwa limeshuka. Juu yake palikuwa na pengo la kuingia kidole.

Binti akatazama sakafu. "Nilimvuta mkono zile siku za mwanzo, madam. Nikamwomba asikwambie."

"Usimfelishe, dokta," mama akadakia. "Alinililia. Nikamwambia mie sitasema. Mtoto wa mwenzangu aharibikiwe masomo kwa ajili ya bega langu?"

Damu ilinichemka. Kumbe muda wote ule nilikuwa nachezewa, tena na watu wawili niliowaamini kuliko wote mle ndani! Hasira yangu kwa binti nilijua pa kuipeleka: nilimfelisha palepale, akaondoka analia. Ile ya kwa mama sikujua niipeleke wapi. Unamgombezaje mtu aliyekudanganya kuhusu maumivu yake mwenyewe?

Mama bado anakuja kwenye mazoezi. Vitumbua haleti tena. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anatazama mlango ambao binti alikuwa akiingilia. Namwuliza bega linaumaje, maana nisipojua siwezi kumsaidia, na upawa atausahau.

"Haliumi," ananijibu, na mkono anauvuta ndani ya khanga.