Upande wa Manyoya

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya bandari ya Kalundu, mjini Uvira, Shefu, yaani msimamizi wetu, hakunipa nyundo wala spana. Aliniambia nisimame nisikilize. Mashine mbili zilikuwa zinazunguka, moja kwa mnyororo, tulioita shene, nyingine kwa mkanda wa ngozi.

"Unasikia nini?"

"Kelele, Shefu."

"Weye iko na masikio ya bure. Mukanda ikichoka inateleza, inalia. Inakuambia. Shene inanyamaza, kisha inakatika mara moja."

Alikuwa mtu wa Nyamianda, mkavu, asiyeficha dharau. Wazungu walipoondoka baada ya uhuru, yeye ndiye aliyekabidhiwa funguo. Alinifundisha kupima mkanda kwa dole gumba: ukibonyea kiasi cha unene wa dole, umekaa vizuri, ukilegea zaidi utateleza, ukikaza mno utakula beringi. Alinifundisha pia kwamba ngozi ina pande mbili. Upande uliokuwa na manyoya, ule laini, ndio unaolala juu ya puli, yaani gurudumu linalozungushwa, kwa sababu ndio unaoshika. Upande wa nyama huteleza na kuungua. Hilo alilirudia mpaka nikamchukia.

Kisha waasi wakaingia Uvira. Stoo yetu ikavunjwa, na mikanda yote ya akiba wapiganaji wakaikata kufungia suruali zao. Asubuhi moja kamanda wao akaja akitaka boti ipeleke watu wake kusini, siku hiyohiyo. Pampu ya maji ya kupozea injini haikuwa na mkanda.

"Tia shene," kamanda alisema.

"Puli haina meno, Komanda," Shefu akajibu. "Shene itakamata wapi?"

Kamanda alimtazama kidogo. "Basi utaenda na siye. Moteri ikizima mu katikati ya ziwa, minye nitakutupa mu maji na chuma ku miguu." Akanigeukia mimi. "Na weye, tengeneza."

Shefu akakalishwa mbele kabisa ya boti, amefungwa mikono. Nikabaki karakana, mpiganaji akinilinda mlangoni. Bahati palikuwa na mfugaji wa Rurambo aliyekwama bandarini na ngozi zake za ng'ombe, zilizokwisha kuondolewa manyoya na kulainishwa. Akanipa moja bila kutaja bei.

"Kata mu mugongo, mutoto yangu," alisema. "Ya ku tumbo inarefukaka."

Nikakata, nikatoboa, nikashona ncha mbili kwa ugwe wa ngozi. Kwa haraka nilijichoma mara mbili. Niliufunga mkanda kwenye pampu ya boti, nikaubonyeza kwa dole, ukawa sawa. Boti ikaondoka.

Niliporudi kuokota mabaki ya ngozi ndipo nikakumbuka nilichokuwa nikikiona nilipokuwa nabonyeza. Upande ulionitazama ulikuwa laini, unang'aa. Kwenye puli nilikuwa nimelaza upande wa nyama. Boti ilikuwa imekwenda mbali, hata mngurumo siusikii. Nilikaa sakafuni. Niliogopa, na aibu ilizidi woga.

Siku nne nilishinda gatini nikitazama maji. Siku ya tano Shefu akarudi kwa miguu, kwa njia ya pwani, amekonda. Aliingia karakana akaketi bila kunisalimu.

"Ililia," alisema. "Tulikuwa tungali tunaona manyumba. Nikamuambia komanda moteri inaomba kupumzika, tusogee ku mwambao. Wakanifungua mikono. Nikageuza mukanda. Tulipofika, wakaniacha niende."

"Ulimuambia kosa ni ya nani?"

"Nilimuambia ngozi mupya iko vile." Akavua viatu. "Leta maji ninawe."

Hakulitaja tena mpaka tulipomzika. Nami nilifanya kazi miaka mingi baada yake, kwenye vinu vya mpunga na kwenye malori, hadi macho yaliponikatalia nikastaafu. Vijana huniuliza kipi bora, mnyororo au mkanda. Mnyororo una nguvu, silibishi. Pikipiki zenu zinautaka, basi uosheni na kuupaka mafuta. Lakini mimi naupenda mkanda. Siku ile, kama kosa langu lingekuwa kwenye mnyororo, Shefu asingesikia chochote mpaka katikati ya ziwa.