Mihuri Kumi na Minne

Bi Tatsuko Hamaguchi wa mtaa wa Sakanoue alijulikana kwa mambo mawili: achari yake ya figili haikuwa na mpinzani mlimani kote, na mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka ule zamu ya ubalozi wa nyumba kumi na nne ilimwangukia yeye. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Karatasi za halmashauri zikifika, balozi huzibana kwenye ubao, hugonga muhuri wa jina lake kuthibitisha amesoma, kisha huutundika ubao mlangoni kwa jirani. Jirani naye hugonga na kuupeleka mbele, mpaka umrudie balozi.

Jumatano moja ubao ulirudi na mihuri yote kumi na minne, myekundu, imenyooka. Bi Tatsuko akachomoa karatasi ya mwisho afungie figili, na ndipo alipoiona. Basi dogo la Sakanoue lingesitishwa mwezi wa nne. Mwenye maoni ayapeleke kabla ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Asiyepeleka atahesabiwa ameridhika.

Aliketi sakafuni. Nyumba kumi na nne zilikuwa zimegonga bila kusoma, na wa kwanza kugonga alikuwa yeye mwenyewe. Basi lile ndilo lililomshusha bondeni mara tatu kwa wiki, kwenye nyumba ya wazee, kumlisha mumewe Shohei, ambaye tangu apigwe kiharusi hakuwa akila vizuri kwa mkono wa mtu mwingine. Leseni ya gari alikwisha kuirudisha mwaka uliopita, kama wazee wanavyohimizwa, na halmashauri yenyewe ilimpa shada la maua ikamwambia asihofu, basi lipo. Aliogopa, tena sana. Kisha akakasirika, na hasira za Bi Tatsuko zina miguu.

Alianzia kwa Bwana Okuda, mstaafu wa reli, ambaye husalimia watu kama anawakagua tiketi.

"Nimeshagonga," Okuda alisema kabla hajaulizwa.

"Ndiyo balaa lenyewe! Ulisoma?"

"Kwani wewe ulisoma?"

"Sikusoma. Ndiyo maana nimekuja na figili."

"Mimi nina gari, Bi Tatsuko."

"Na miaka je?"

"Sabini na nane."

"Haya. Na lile geti la shule ulilolivaa juzi, lenyewe lina miaka mingapi?"

Okuda akakohoa, akapokea figili, akavaa miwani. Aliposoma hadi ratiba ya sasa iliyoambatishwa chini, mishipa ya shingo ilimsimama. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi! Zahanati inafunguliwa saa tatu! Sasa nani atapanda? Kuku? Nani kapanga ratiba hii?"

"Mimi napanda," Bi Tatsuko alisema. "Halafu nakaa benchi la nje ya nyumba ya wazee mpaka wafungue mlango."

Okuda akaenda kutafuta rula, achore ratiba nyingine.

Kwa siku mbili Bi Tatsuko alipanda na kushuka ngazi za mtaa, magoti yakilia. Aliyeleta muhuri alirudishiwa. "Muhuri siutaki, mwanangu. Leo nataka maneno." Wengine waliandika mstari mmoja, wengine kurasa mbili. Bi Nishio wa saluni aliomba kituo kiwe mbele ya saluni yake. Naye akapokelewa, kwani maoni ni maoni.

Ijumaa saa kumi na robo waliingia ofisi ya halmashauri, yeye na Okuda, karatasi zote zimebanwa kwenye ubao. Karani wa dirishani, binti aitwaye Nagase, alizihesabu karatasi mara mbili.

"Miaka sita niko hapa, sijawahi kupokea zaidi ya maoni mawili. Huwa tunaandika 'wananchi wameridhika', tunafunga faili."

"Leo andika hatujaridhika hata kidogo."

Okuda akatandaza ratiba yake mpya. Nagase aliifuata kwa kidole. "Mzee, hapa ni dereva yule yule na basi lile lile?"

"Na mafuta pungufu."

"Sisi tulijua tu abiria hawapandi. Sababu hatukuijua."

"Si mngetuuliza!" Bi Tatsuko alidakia.

"Tuliwauliza, mama," Nagase alisema kwa upole, akiugusa ubao.

Bi Tatsuko akautazama muhuri wa kwanza, wake mwenyewe, kisha akamsukumia figili dirishani.

Mwezi wa nne basi liliondoka saa mbili na nusu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Ratiba mpya ikazungushwa mtaani. Okuda alileta na karatasi ya nyongeza, akisema ni ndogo tu, na Bi Tatsuko akagonga huku akimsimulia habari za figili. Ubao uliporudi aliutia kapuni, akapanda nao basi, ili amsomee Shohei.

Alisoma kijiko kwa kijiko, mpaka ile karatasi ya mwisho. "Kamati ya basi ya wakazi. Mwenyekiti: Bi Tatsuko Hamaguchi. Asiyepinga kabla ya jana atahesabiwa ameridhika." Chini yake mihuri kumi na minne, wa kwanza wake.

Shohei, ambaye hakuwa amecheka tangu vuli, alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, mpaka uji ukamwagika kifuani.

"Cheka tu," Bi Tatsuko alisema, akimfuta, macho yakimlengalenga. "Jumanne nitachelewa kidogo. Nina kikao."