Karatasi Nyekundu Kwenye Kisima cha Mama

Nilitoka Masasi na pakiti ya vikaratasi vya kupimia maji, vile ambavyo ukivichovya hubadilika rangi, na bei yake haizidi ya vocha ya simu. Nilipanga kulala Chilangala usiku mmoja, mama aone kazi ya mwanawe wa chuo kikuu, kisha nirudi. Mama anaishi peke yake. Kinachomletea watu ni kisima chake cha saruji, kinachokinga mvua kutoka kwenye bati. Kinamama wa jirani huja kuchota, na wakija hukaa.

Asubuhi walikuwepo watatu. Nikachovya kikaratasi kwa mbwembwe, nikitegemea kijani. Kikawa chekundu.

"Kama bibo la mkorosho lililoiva," alisema mmoja.

"Bibo linanoga," mwenzake akadakia. "Hili je, mtaalamu?"

Nikaeleza kwamba nyekundu ni dalili ya asidi. Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Unga wake hutua juu ya mabati, na ile mvua ya wiki iliyopita, ambayo hakuna aliyeialika, iliuosha wote hadi kisimani. Mvua za kwanza za Novemba kila mtu huchomoa mfereji, uchafu upite. Julai nani anachomoa?

Wakanitazama, wakamtazama mama, wakatazama ndoo. Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Nikisema maji yanafaa, nimedanganya. Nikisema hayafai, kesho hakuna atakayepiga hodi hapa.

"Sema, baba," mama alisema. "Wanywe, wasinywe?"

"Ya kufulia tu, mama. Kunywa, hapana."

"Kumbe chai ilikuwa chachu kweli. Nilidhani ulimi wangu umezeeka."

"Na sisi tulidhani umeanza kutubania sukari, bibi."

Walicheka, lakini kidogo. Mmoja akainua ndoo yake tupu aondoke. Hapo nikausikia mdomo wangu ukisema gari ninalo, nitafuata maji ya bomba Newala, na nitayashushia hapa hapa, kwa mama.

Masasi sijarudi. Kigari changu kimejaa madumu, kiti cha nyuma hakikauki, na mvua bado ziko mbali sana. Kila asubuhi natafuta sababu ya kuondoka, na kila asubuhi mama ameshakaa kiti cha mbele, kitenge kipya begani. Tukirudi, kinamama wako barazani.

"Umechelewa, mtaalamu," huniambia, kisha humgeukia yeye. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."